Jinsi ya kusoma kano za mgongo wa kiganja chako

Karibuni. Leo hatuhitaji kifaa chochote zaidi ya mkono wako na taa. Iweke pembeni, isiwe juu yako, ili vivuli vionekane.

Laza kiganja kikiangalia chini, tanua vidole, kisha viinue kwa nguvu. Ile mistari inayotokeza kuanzia kwenye kifundo cha mkono ndiyo kano za kunyoosha vidole, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa ya vidole. Picha za vitabuni huzionyesha zimepangika vizuri, lakini mikono ya watu haifanani hivyo.

Sasa kunja ngumi, unyooshe kidole cha shahada peke yake. Kinanyooka kwa urahisi kwa sababu, mbali na msuli wa pamoja unaonyoosha vidole vyote isipokuwa gumba, kina msuli wake binafsi. Kano zake mbili hupita sambamba, na ile ya binafsi kwa kawaida huwa upande wa kidole cha kati. Fanya vivyo hivyo kwa kidole cha mwisho. Nacho kina msuli wake, na mara nyingi kano yake imegawanyika mara mbili. Kwa watu wengi kano ya msuli wa pamoja haifiki hapo kabisa; kuna utepe tu unaochepuka kutoka kwa kidole cha pete.

Tepe hizo ndizo nataka uzihisi. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini, vingine vibaki vimenyooka. Inua gumba. Inua shahada. Inua cha mwisho. Haya, inua cha pete... Kimegoma, au kimeinuka kidogo sana, maana kano yake imeunganishwa na ya jirani yake aliyekunjwa. Jaribu na mkono wa pili, kwa sababu mikono ya mtu mmoja inaweza kutofautiana. Kuna tepe nyembamba kama utando, na kuna nene kama kano yenyewe.

Wachache wana msuli mdogo wa ziada kwenye mgongo wa kiganja. Huonekana kama uvimbe, na umewahi kudhaniwa ganglioni, yaani kifuko chenye majimaji. Uguse huku mtu akinyoosha vidole kwa nguvu: msuli hukaza.

Ninyi mnaohudumia majeraha, sikilizeni hapa. Kano ikikatwa kabla ya kufika kwenye utepe, kidole bado kinaweza kunyooka, kwa kuvutwa na kano ya jirani. Kwa hiyo usiridhike na kunyooka peke yake. Mgonjwa anapokinyoosha, kizuie kwa kidole chako. Kikiwa dhaifu au kikiuma, jeraha lichunguzwe mpaka kano yenyewe ionekane.