Sungura Mwenye Jina la Mwanamke

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mliojibana huku mbele asanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa niongelee sungura wa Waskoti, yaani namna wanavyomwita kwa lugha yao, na najua kuna mtu kakaa hapo anajiuliza hii nayo ni mada gani jamani. Nivumilie kidogo.

Kwanza tuelewane tunaongelea sungura yupi, maana sie tuna neno moja na wao wana wanyama wawili. Yupo yule anayechimba mashimo na kuishi ukoo mzima chini ya ardhi, ambaye ndo ndugu wa hawa tunaofuga kwenye mabanda. Huyo simtaki leo. Namtaka yule mrefu wa porini, masikio yenye ncha nyeusi, miguu ya nyuma kama springi, asiyechimba shimo hata siku moja, analala juu ya ardhi hivohivo na watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi kabisa. Na kwa taarifa yenu sungura wa hadithi zetu za bibi, yule mjanja aliyemchezea fisi, ni huyuhuyu wa porini, sio yule wa bandani. Kwa hiyo tunaongelea jamaa yetu.

Mi nilikaa Aberdeenshire, kaskazini-mashariki ya Uskoti, kwa ajili ya masomo. Nilipanga chumba pembeni ya shamba la shayiri na jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa miaka 80 na kitu, mtu wa maneno machache sana. Sasa asubuhi moja mwezi wa tatu, baridi kali, nyasi zote zimekuwa nyeupe kwa barafu, tunatembea naye kandokando ya shamba nikimsaidia kubeba kuni, ghafla akanishika mkono akasimama akaninong'oneza neno moja tu: "Bawd."

Naangalia, sioni kitu. Naona udongo, naona donge la udongo hatua kama 10 mbele yetu. Alafu lile donge likawa na jicho. Jicho kubwa la rangi ya asali linaniangalia muda wote huo, na mnyama mwenyewe hajatikisika hata unywele, mpaka pumzi yangu niliyokuwa nimeibana ikanishinda nikakohoa, basi akafyatuka. Nasema akafyatuka kwa sababu sina neno lingine. Akaenda kushoto, kulia, kushoto tena, akapanda kilima chote kile wakati mi bado nafunga mdomo.

Mi shuleni nilifundishwa neno la Kiingereza, hare, na nikajua basi mnyama huyu nimemmaliza. Bibi yule hakulitumia hata mara moja kwa muda wote niliomjua. Ndo hapo nilipoanza kuchimba.

Tuseme kidogo kuhusu lugha yenyewe maana bila hivo mtachanganyikiwa. Kiskoti sio Kiingereza kilichopinda, ni ndugu yake, wametoka tumbo moja wakalelewa nyumba mbalimbali, na pia sio Kigaeli cha kule milimani, hicho ni ukoo mwingine kabisa. Kwenye sensa ya 2022 watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanakiongea. Na bado kwa miaka na miaka watoto walikuwa wanachapwa mashuleni kwa kukiongea, wanaambiwa ongea vizuri, jambo ambalo wengi humu ndani mnalielewa bila mi kulieleza. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2025, na Kiskoti kikapata hadhi rasmi tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, juzi tu hapo! Kamusi zipo za siku nyingi, John Jamieson alitoa yake 1808, na ile kubwa ya kitaifa ya juzuu 10 ilianza kuchapwa 1931 ikaisha 1976. Na kina lahaja zake kama sisi tulivyo na Kimvita na Kiamu na Kipemba. Cha kule kwa bibi yangu kinaitwa Doric, na mtu wa Glasgow akienda kule anatega sikio mara mbili.

Haya, majina. "Bawd" ni la huko kaskazini-mashariki, na supu yake inaitwa "bawd bree", bree maana yake mchuzi. Inapikwa taratibu masaa mengi na mbogamboga, alafu mwishoni kabisa inaongezwa damu ya mnyama mwenyewe, wanaikoroga bila kuiacha ichemke maana ikichemka inagandamana vipandevipande. Najua wengi humu damu hatuli, nawaambia tu ilivyo.

Lakini jina lililosambaa zaidi, Ayrshire, Lothian, mipakani na Uingereza, ni "maukin". Mshairi wao Robert Burns alikuwa mkulima wa Ayrshire na maukin yupo kwenye mashairi yake. Pia anamwita "poussie", yaani paka, pusi kabisa hivi tunavyoita sie, mwaka 1785 anamsema poussie wa asubuhi "whiddin". Hilo whid ni kitenzi chake sungura, ni ule mwendo wa kuteleza kimyakimya, haraka, huku anakata kona, na kuna sehemu mnyama mwenyewe akaitwa "whiddie" kwa sababu hiyo. Alafu kuna "hirple", kuchechemea. Burns kwenye shairi lingine la 1785 anasema sungura walikuwa wana-hirple kushuka mifereji ya shamba. Nilivyosoma mara ya kwanza nikadhani wameumia! Kumbe hapana. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo sungura asipokuwa na haraka anatembea kama mzee mwenye goti bovu, na hasa akiteremka. Akipanda ndo mwenyewe, mbwa hamuwezi, na ndo maana Waskoti wa zamani mambo yakimnyookea mtu walisema maukin anapanda kilima. Mtu gani atakuelewa hapo kama hajakaa akamwangalia mnyama vizuri?

Kuna pia "fuddie", kutokana na "fud", kile kimkia kilichosimama, na "cuttie", kifupi, ni mkia tena huohuo. Hayo napita haraka kwa sababu kinachonikera na kunivuta ni lile la maukin.

Maukin limetoka wapi? Ni jina la mtu. Ni Malkin, na Malkin ni kifupi cha kudeka cha Maud au Matilda, kama sie tunavyofanya Mwanahamisi akawa Mwana. Kwa Kiskoti hichohicho maukin ni sungura, na maukin pia ni msichana ambaye hajakomaa bado, hasa yule wa kazi ndogondogo za nyumbani. Na Malkin hiyohiyo kwa Waingereza ni paka, ndo lile jina lao la paka, Grimalkin. Pusi ni paka na ni sungura. Bawd nalo linahusishwa na "baudrons", jina la kumbembeleza paka kwa Kiskoti. Mnaona kamba inavyojivuta? Mwanamke, paka, sungura. Unavuta jina moja wanakuja wote watatu.

Na kwenye nchi hiyohiyo watu waliamini hao watatu ni mmoja kweli.

Dada mmoja wakati tunaingia ameniuliza kama nitaongelea uchawi, nikamwambia siwezi kuukwepa. Uskoti ilikuwa na sheria ya uchawi kuanzia 1563 mpaka 1736, na wanahistoria wamehesabu washtakiwa karibu 4,000, wengi mno wanawake, na inakadiriwa waliouawa ni kama 2,500, kwenye nchi ya watu wachache vile. Mwaka 1662 kwenye kijiji cha Auldearn, karibu na mji wa Nairn, mwanamke anaitwa Isobel Gowdie alitoa maungamo mara 4 ndani ya wiki 6, kati ya Aprili na Mei. Akasema yeye na wenzake wanaingia ndani ya sungura. Akatoa na maneno ya kusema, yana vina: nitaingia ndani ya sungura kwa huzuni na kuugua na mashaka mengi, nitakwenda kwa jina la shetani mpaka nirudi nyumbani. Na ya kurudi yanaanza, "Haire, haire, God send thee caire", yaani sungura sungura, Mungu akupe mashaka, niko kwenye umbo la sungura sasa ila nitakuwa kwenye umbo la mwanamke sasa hivi.

Alafu anasimulia alivyotumwa asubuhi moja akiwa sungura akakutana na watumishi wa jirani na mbwa wao. Mbwa wakamkimbiza, akakimbia mpaka akachoka hoi, mlango wa nyumba yake ukawa wazi akaingia akajificha nyuma ya kasha. Mbwa wakaingia nao, ila wakapita upande wa pili wa kasha, basi akachomoka tena nje akaingia nyumba nyingine, na ni hapo tu ndo alipata nafasi ya kusema yale maneno akarudi kuwa mtu.

Mi kile kasha sikisahau. Sema unalotaka, mi nikisoma pale simuoni mchawi. Namuona mwanamke amefungiwa, wanaume wanamuuliza maswali wiki baada ya wiki, na katika maisha yake yote kitu anachokijua vizuri cha kuwaeleza ni jinsi inavyokuwa ukikimbizwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Machi 8, 2022, Nicola Sturgeon akiwa kiongozi wa serikali ya Uskoti aliomba radhi bungeni kwa wote walioshtakiwa. Miaka 360 baada ya Isobel.

Imani yenyewe haikufa na sheria. Ilisimuliwa vijiji vingi kwamba sungura wa kichawi risasi ya kawaida haimuingii, umpige kwa sarafu ya madini ya fedha, na kesho yake bibi fulani wa kijiji anaonekana anachechemea. Ana-hirple! Neno lilelile. Bibi kizee yeyote mwenye goti bovu alikuwa tayari anatembea kwa kitenzi cha sungura, kesi yake nusu imeshaandikwa na lugha. Hili ndo linaloniuma kuliko yote niliyosoma.

Na wavuvi wa pwani hiyo ya kaskazini-mashariki wakiwa baharini hawamtaji sungura kabisa, wala nguruwe, wala samaki samoni, wala mchungaji wa kanisa. Akiteleza mmoja akataja, wenzake wanakimbilia kushika chuma, wanasema "cauld iron", chuma baridi. Wazee hapa mnacheka kwa sababu mnajua, kwetu usiku nani anamtaja nyoka kwa jina lake? Anaitwa ukambaa, anaitwa kamba, yaishe. Ndo maana mi naona majina yale mengi sio utajiri wa maneno tu. Watu walikuwa wanamzunguka mnyama, wanamwita kwa mkia, kwa mwendo, kwa jina la mtoto wa jirani, wasije wakamwita kweli akasikia.

Sio hofu tupu lakini, nisiwadanganye. Galloway, kusini-magharibi, wakati wa mavuno lile fungu la mwisho la nafaka lililobaki limesimama shambani liliitwa sungura. Walilisuka mafungu matatu wakayafunga pamoja kichwani, alafu wavunaji wanarudi nyuma hatua kadhaa wanalirushia mundu kwa zamu mpaka mtu alikate. Likishakatwa linapelekwa kutundikwa juu ya mlango wa jikoni kwa ndani, saa ingine linakaa pale mpaka mavuno yanayofuata. Na kwenye parokia ya Minnigaff wale ambao hawajaoa wala kuolewa walikimbia mbio kurudi nyumbani, wa kwanza kufika ndo wa kwanza kufunga ndoa. Na ukilima utajua kwa nini ni sungura, unakata shamba kutoka pembeni kwenda katikati, mnyama anarudi ndani, anarudi ndani, mpaka limebaki fungu moja na yeye yumo.

Kaka pale ananionyesha saa. Dakika mbili.

Huko milimani kuna sungura mwingine, mdogo kidogo, wa asili kabisa ya pale tangu enzi za barafu, wanamwita sungura wa bluu, na kipindi cha baridi anageuka mweupe. Huyo aliuawa kwa maelfu kwenye maeneo ya watu wanaotunza ndege wa kuwinda, sababu waliyoitoa ni kwamba anabeba kupe wenye virusi vya "louping ill". Hilo jina la ugonjwa ni Kiskoti, "loup" ni kuruka, kondoo akiugua anarukaruka. Tangu tarehe 1 Machi 2021 analindwa na sheria, humgusi bila leseni.

Sasa nirudi shambani. Yule sungura alivyopotelea juu kule, bibi hakusema kitu, akanivuta tu mpaka pale alipokuwa. Kuna kijishimo kidogo, hata shimo sio, ni nyasi zimelala zikachukua umbo la mwili, nyuma pana na mbele pembamba, barafu imezunguka pande zote ila pale katikati majani ni kijani na hayajalowa. Akavua glavu yake. Akanionyesha nifanye kama yeye, nikachuchumaa nikaweka kiganja.

Palikuwa bado pa moto.