Chagua Maunti ya Lenzi Kabla ya Kamera

Ndugu zangu wapiga picha na watengeneza filamu, habari za jioni. Najua wengi mmekuja na swali moja: ninunue kamera gani? Naomba tuliweke kando kwanza. Kamera utaiuza baada ya miaka michache, kwa hasara. Lenzi utakaa nazo. Na kinachoamua utakaa na lenzi zipi ni maunti (mount kwa Kiingereza), ile pete ya chuma usoni mwa kamera ambapo lenzi hufungwa.

Kipimo cha kwanza cha kukijua ni umbali kutoka kwenye pete hiyo hadi kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha. Kamera nyingi za zamani zilikuwa na kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi, na kioo hicho kilihitaji nafasi ya kuinuka na kushuka. Ndiyo maana maunti ya Nikon F, iliyoanza mwaka 1959, ina milimita 46.5, na Canon EF ya mwaka 1987 ina 44. Kioo kilipoondolewa, nafasi ile ikakosa kazi. Micro Four Thirds ya Panasonic na Olympus, mwaka 2008, ilishuka hadi 19.25. Sony E ikafuata mwaka 2010 kwa 18. Mwaka 2018 zikaja Canon RF yenye 20 na Nikon Z yenye 16.

Sasa tupige hesabu. Lenzi ya Nikon F inataka kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa. Kamera ya Sony E inayo 18. Zinabaki 28.5, na adapta, kiunganishi cha lenzi na kamera, ni bomba tupu la urefu huo. Ndani hakuna lenzi nyingine ya kuharibu picha. Geuza hesabu uone: lenzi ya Sony, ili ifanye kazi kwenye kamera ya Nikon F, ingebidi izame ndani ya kamera, pale pale kioo kinapopita. Kwa hiyo lenzi za zamani zinahamia kwenye kamera mpya, lakini lenzi mpya hazina njia ya kurudi. Kwa kijana anayeanza filamu bila mfadhili, hii ni neema kubwa. Lenzi ya mtumba iliyotengenezwa kabla hajazaliwa inapiga kazi leo.

Tena kwa filamu, lenzi hiyo ya mtumba mara nyingine inaishinda mpya. Lenzi nyingi za kisasa, ukizungusha pete ya fokasi, ile ya kuleta picha wazi, hausukumi kitu. Unatuma ishara tu kwa mota. Zungusha haraka, fokasi inakwenda mbali. Zungusha polepole, inasogea kidogo, ingawa mkono umepita umbali ule ule. Mwigizaji anatoka mlangoni anakuja mezani, msaidizi wako ameweka alama zake, na mkirudia kupiga tukio hilo, kwenye teki ya pili, alama hazina maana. Kamera kadhaa zina mpangilio wa kuifanya pete itii mkono kwa kipimo kimoja. Utafuteni kabla hamjalipa.

Umeme nao una mambo yake. Lenzi za Canon EF hazina pete ya kufungua na kufunga tundu la kupitisha mwanga. Kazi hiyo inaamriwa na kamera. Ukizifunga kwa adapta rahisi isiyopitisha umeme, kwa kawaida tundu linabaki wazi kabisa, na jua la saa saba mchana halitakuhurumia.

Halafu kuna biashara. Mwaka 2011 Sony iliwapa watengenezaji wengine maelezo ya msingi ya maunti yake bila malipo, na lenzi za bei nafuu zikajaa sokoni. Leica, Panasonic na Sigma waliungana mwaka 2018 kwenye maunti ya L. Canon iliibana RF kwa miaka, hadi mwaka 2024 Sigma na Tamron walipotangaza lenzi zao kwa leseni, wakianza na zile za sensa ndogo. Mimi nalipatia jambo hili uzito sawa na ubora wa sensa, maana ndilo linaloamua bei ya lenzi yako ya tatu na ya nne.

Na mkifika siku ya kukodi lenzi za sinema, PL, maunti ya kampuni ya kamera za sinema ARRI, inataka milimita 52. Kamera hizi zote zisizo na kioo zinaipokea kwa adapta.

Ila adapta ijaribuni dukani. Fungua tundu lote, elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, zungusha fokasi hadi mwisho. Mnara ukikataa kuonekana wazi, adapta ni ndefu mno, irudishe. Ukionekana wazi kabla pete haijafika mwisho, ni fupi kidogo: picha utapata, lakini mita zilizochorwa kwenye lenzi zitakudanganya, hasa lenzi pana zinazoona eneo kubwa, na zumu (lenzi ya kuvuta picha karibu) iliyoundwa kushika fokasi itaipoteza unapovuta.