Kwa nini watoto wangu wanavaa mitumba ilhali tunaishi Uingereza

Ndugu zangu wa Mwanza, mwangaluka, nanyi mnaonitazama kutoka kwingineko ninawasalimu kwa heshima. Leo ninazungumza nikiwa Bwiru, nyumbani kwa mama yangu, kwa kuwa tumekuja likizo pamoja na watoto, na nimeona nisiendelee kuahirisha jibu la swali ambalo mmekuwa mkiniletea chini ya karibu kila video. Swali linakuja kwa maneno tofauti, lakini kiini chake ni kimoja: dada, wewe na mumeo mnafanya kazi Uingereza, mbona watoto wenu wanavaa mitumba, hawana vitu vya kuchezea vya maana, na mnawaacha wacheze kwenye matope kama watoto wasio na wenyewe?

Nilisita kulijibu kwa sababu ninajua litakavyopokelewa. Nikisema tunaishi vizuri, nitaambiwa ninajidai. Nikisema fedha ni ngumu, nitaambiwa niache kulalamika, nirudi nyumbani, niwapishe wengine wanaoitamani nafasi hiyo. Kwa hiyo ninaomba mnisikilize hadi mwisho. Silalamiki, kwa maana hakuna aliyetulazimisha kwenda, na sijidai, kwa maana ninayoyaeleza ni maisha ya watu wa kawaida kabisa. Habari za baridi, kodi ya nyumba na bei ya umeme nitaziruka, kwani mmekwisha kuzisikia kwa kila aliyewahi kukaa huko.

Nianze na jambo ambalo wengi hapa nyumbani hawalijui, nalo ndilo linalotuongoza katika matumizi yetu yote. Mtu asiye raia anapoomba viza ya kuishi na kufanya kazi Uingereza, hulipa ada ya viza yenyewe, kisha hulipa ada nyingine ya huduma za afya. Tangu tarehe 6 Februari 2024, ada hiyo ya afya ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka mmoja wa viza, na hulipwa kwa mkupuo siku ileile unapowasilisha maombi, si kidogo kidogo. Sisi ni wanne, wazazi wawili na watoto wawili, kwa hiyo kwa viza ya miaka mitatu ada ya afya peke yake inafika pauni 10,866. Mwenye simu mkononi na azidishe mwenyewe kwa bei ya pauni ya leo, kisha akumbuke kwamba fedha hiyo inapaswa kuwa imekaa benki kabla ya siku ya maombi, na kwamba kila mwezi mshahara wetu unakatwa kodi sawasawa na wa mwenyeji aliyezaliwa pale.

Hapo ndipo wengine huniuliza, mbona fulani naye yuko hukohuko na tayari amejenga Buswelu? Ninaomba tusilinganishane bila kujua kila mtu aliingia kwa mlango gani. Wauguzi, madaktari na wengine wanaokwenda kwa viza ya wafanyakazi wa afya wamesamehewa ada hiyo, wao pamoja na familia zao. Mume wangu si mtu wa afya, wala mimi si mtu wa afya. Tofauti hiyo peke yake, kwa familia yenye watoto, inatosha kuinua kuta za nyumba hapa Mwanza.

Kuna pia imani kwamba ukijifungua huko, mtoto anakuwa Mwingereza siku hiyohiyo na serikali inaanza kukulipa. Sheria hiyo ya kuzaliwa tu ilikoma tangu tarehe 1 Januari 1983. Mtoto anayezaliwa Uingereza leo na wazazi wenye viza za muda tu, kama sisi, hapati uraia kwa sababu ya kuzaliwa pale. Mtoto wetu wa pili amezaliwa kule, lakini ana pasipoti ya Tanzania kama mimi, na ili tuweze kumleta Mwanza amwone bibi yake kisha arudi nasi, ilitubidi kumwombea viza na kumlipia ada ya afya kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Kuhusu posho ya watoto, kibali chetu kinasema wazi kwamba haturuhusiwi kugusa fedha za umma za aina hiyo, hivyo wanaonitumia ujumbe kwamba ninalipwa kwa kuzaa watambue kwamba sijawahi kupokea hata senti.

Sasa, kama mnisamehe, niseme kuhusu jina. Jina la ukoo wa mume wangu linaanza na Ng', kama majina mengi ya Usukumani. Kile kialama cha juu ambacho sisi tunakiandika bila kufikiri kimetutesa. Kwenye cheti kimoja kipo, kwenye cheti kingine mwandishi alikiruka, na zile herufi za mashine zilizo chini ya ukurasa wa pasipoti hazikipokei kabisa. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, tuliambiwa kwamba baba na mtoto wanaonekana kuwa watu wa koo mbili tofauti, na kwamba hakuna kitakachoendelea mpaka tulete hati ya kiapo. Wakili alilipwa, mhuri ulipigwa, karatasi ikarudishwa kwa kuwa nakala yake haikuwa imethibitishwa, na mume wangu akaomba ruhusa nyingine kazini, ruhusa isiyo na malipo. Ninapoona mtu ameandika kwamba mimi ni bahili kwa sababu mtoto hana baiskeli mpya, ninaikumbuka siku ile ofisini na roho inaniuma, kwa sababu baiskeli ile ilikuwepo katika bajeti yetu na iliishia kwenye mhuri.

Pamoja na hayo, sitaki mfikiri kwamba tunaishi hivi kwa huzuni. Hata ada hizo zikifutwa kesho, mengi katika malezi yetu nisingeyabadilisha, kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba mtoto mdogo hahitaji vitu vingi vya kununuliwa. Nilipojifungua, sikununua kigari cha mtoto. Nilimbeba mgongoni kwa khanga, kwa mbeleko kama nilivyobebwa mimi, nikapanda naye basi na kupita naye sokoni mikono ikiwa huru. Mtoto hadi anafika miaka mitano hasafiri kwa nauli kwenye treni za kule, dawa anazoandikiwa na daktari nchini England, ambayo ni sehemu ya Uingereza, ni bure mpaka atimize miaka 16, na maktaba ya umma inamwazima vitabu bila malipo. Shule za serikali nchini England, tangu Septemba 2014, huwapa watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo chakula cha mchana bila kuuliza mzazi ana kipato gani. Ukivitumia vitu hivyo vyote, na watu wengi wa kwetu hawavitumii kwa kuona aibu au kwa kutojua kwamba vinawahusu, unabaki na mambo machache sana ya kununua.

Nguo ni katika hayo machache, na mitumba tunayoigombania sokoni Mlango Mmoja hapa Mwanza huanzia huko tuliko. Nimelileta hapa koti moja mlione. Ndani ya kola kuna kitambaa cheupe ambacho wazazi huandika jina la mtoto ili lisipotee shuleni. Mnaona majina mawili yamekatwa kwa wino, kisha chini yake limeandikwa jina la mwanangu wa kwanza, nalo limekatwa, na sasa limo jina la mdogo wake. Zipu ni nzima, pamba haijatoka, na mikono mama yangu ameikunjua hapa Bwiru wiki hii kwa cherehani yake ya miguu, ikaongezeka vidole viwili. Mtoto wa nne analivaa na halijachoka! Kitu ninachonunua kipya siku zote ni viatu, kwa sababu kiatu hushika umbo la mguu wa aliyekivaa kwanza, na kwa hilo sibani hata shilingi.

Shangazi mmoja wa upande wetu, tulipofika, aliwatazama watoto na kusema mbele ya wageni kwamba wanafanana na yatima. Nilimjibu kwa adabu, shikamoo yake niliitoa, na chakula chake nilikipakua mimi mwenyewe, lakini neno lile lilinikaa moyoni, hasa kwa sababu mwaka huohuo tulikuwa tumechangia karo ya mwanawe aliyeko chuoni. Sisemi ili nimdai fadhila. Ninasema kwa sababu wengi wenu mlioko ughaibuni mmepitia hilo, na hamna pa kulisemea: fedha unayobana kwenye nguo za wanao ndiyo hiyohiyo inayolipa ada ya mtoto wa ndugu, kisha unachekwa kwa nguo.

Kuhusu kuwaacha wacheze, ni kweli, mimi si mzazi wa kufuatafuata. Hapa Bwiru wanaamka, wanakunywa uji wa ulezi, wanachukua michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi, kisha wanapanda mawe nyuma ya nyumba na kukaa huko wakiwaangalia mijusi, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, wanavyopiga kichwa juu na chini wakitishana. Mkubwa ameniambia kwamba mmoja wao ndiye mwenye jiwe lile kubwa na wengine wanamwogopa, na nilipokaa naye kutazama niliona kwamba amesema kweli. Anarudi magoti yamechubuka, ninayaosha kwa maji na sabuni, na maisha yanaendelea. Huko tuliko ninawaona wazazi wanaolipia masomo ya ziada ya kila jioni kwa mtoto ambaye bado hajaota meno ya pili, na mimi ninaona mtoto huyo anahitaji zaidi muda wa kukaa na kuangalia.

Hata hivyo, kuwa mpole si kuacha kila kitu, na kwa mambo mawili mimi ni mkali. La kwanza ni ziwa. Wanangu hawaingii majini ufukweni, hata kukanyaga tu, kwa sababu ya kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji na hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote, na sisi tuliokulia hapa tunajua ni wenzetu wangapi shuleni walikuwa wakikojoa damu au kuumwa matumbo na watu wakaona ni kawaida. La pili ni malaria. Watoto waliokulia kule hawana kinga ambayo wenzao wa hapa wameijenga kidogo kidogo, kwa hiyo chandarua kinashushwa kabla jua halijazama na dawa ya kinga inamezwa bila kukosa. Dawa hizo za safari hatupewi bure huko. Tulizinunua, na hapo sikutafuta cha bei nafuu wala sikubahatisha.

Kwa anayetaka kujua fedha tunayobana huenda wapi baada ya ada za viza, jibu ni hili: huenda kwenye safari hii. Kuwaleta watoto wawili Mwanza ndiyo anasa pekee tunayoiwekea akiba kwa makusudi, na kwangu mimi si anasa. Juzi tuliwapeleka Sengerema kwa bibi mzaa baba. Mnakumbuka ilivyokuwa kusubiri kivuko pale Kigongo, jua linawaka, watoto wanalia ndani ya gari, na foleni haisogei. Sasa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lenye urefu wa takribani kilomita 3, tumelivuka kabla mdogo hajamaliza ndizi yake. Bibi aliwapokea, akamkalisha mdogo mapajani, akamchambulia sato mwiba mmoja mmoja huku akimsemesha Kisukuma, na mtoto akawa anaitikia asichokielewa. Hilo siwezi kulinunua dukani huko tuliko, na kama bei yake ni koti lenye majina yaliyokatwa kolani, nitaendelea kuilipa.

Ninarudia kwamba haya ni ya kwetu. Kuna familia zina watoto wenye mahitaji ya kiafya ambayo hayabanwi, kuna wanaolea peke yao, kuna waliokwenda kama wanafunzi ambao hesabu zao ni tofauti kabisa na zangu, na kuna wenye uwezo wa kuwanunulia watoto wao kila kitu na wakalea vizuri tu. Asije mtu akauza kiwanja kwa kusikiliza video yangu, wala asije akamnyima mwanawe koti jipya kwa sababu dada wa Bwiru amesema. Wale mlio na watoto waliozaliwa huko na mnaotaka kuwaleta wawaone babu na bibi zao, niandikieni umri wa mtoto na aina ya kibali mlicho nacho, kwa maana gharama na karatasi zinategemea mambo hayo mawili, nami nitamjibu kila mmoja kwa yale tu ambayo nimeyapitia mwenyewe.