Hadithi ya Winta, kwa Kiswahili ni hadithi ya nini?

REHEMA: Haya, tumeanza? Tumeanza. Wasikilizaji wetu, asalaam aleikum, bwana asifiwe, mambo vipi. Leo tuliwaahidi mambo matatu ya kwenda kwenye tamasha la michezo ya kuigiza la Stratford, hapa Ontario, Kanada, msimu huu wa sama, majira ya joto ya huku: tiketi za bei nafuu, chakula, na namna ya kumwandaa mtu ambaye hajawahi kukaa saa tatu anaangalia Shakespeare. Tutafika huko. Ila kwanza niwaambie yaliyonipata Jumamosi.

BARAKA: Alinipigia saa sita usiku jamani.

REHEMA: Saa tano na nusu! Sikiliza basi. Nimetoka kuangalia The Winter's Tale ya Shakespeare, yaani hadithi ya winta, ile baridi ya theluji ya huku, kwenye lile jumba jipya la Tom Patterson, lile la 2022 pembeni ya mto, natembea kwenda kwenye gari, bata maji wamelala pale majini, simu inaita. Mama, video. Tanga kumepambazuka, ametoka kuswali alfajiri. Ananiuliza, wewe usiku huu unatoka wapi? Nikamwambia natoka kuangalia mchezo wa kuigiza. Unaitwaje? Nikasema, unaitwa Hadithi ya... nikakwama. Mimi ninayefundisha watoto wa hapa Kitchener Kiswahili kila Jumapili, nimekwama barabarani na simu mkononi. Nikasema, Hadithi ya Kipupwe. Mama akasema, aah, basi umefurahi.

BARAKA: Wakati ulikuwa unalia.

REHEMA: Macho yamevimba! Maana kwa mama kipupwe ni raha, masika imeisha, kaupepo, unalala na shuka bila kutoka jasho. Na huu mchezo, kwa ambao hawaujui, Leontes, mfalme wa Sicilia, anamshuku mkewe bure kabisa, Hermione, mjamzito, anamtia gerezani, mtoto wao wa kiume anakufa kwa huzuni, mume anaambiwa mke naye kafa, kichanga kinatupwa nchi ya mbali. Halafu inapita miaka 16. Hiyo ndiyo kipupwe?

BARAKA: Mimi nasema jina lipo sawa, tena lingekuwa Hadithi ya Baridi kabisa. Dada, wewe ni wa pwani. Njoo Njombe mwezi wa saba. Asubuhi umande umeganda, majani ya viazi yameungua yote, meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Baba yangu anasimama shambani hasemi kitu. Hiyo ni winta, haina theluji lakini ni winta.

REHEMA: Njombe ni sehemu ndogo ya Waswahili, kaka yangu. Neno linatakiwa limguse anayelisikia. Mimi ningeiita Hadithi ya Masika.

BARAKA: Hapana. Hapana kabisa.

REHEMA: Subiri nimalize. Masika kwetu kusi imekaza, bahari imechafuka, ngalawa zote zimepandishwa mchangani, samaki hakuna, na ukimpata bei yake huisogelei, nguo hazikauki, watoto wanakohoa, mmefungiwa ndani wiki nzima mnatazamana. Nyumba ya Leontes ndiyo ile. Mtu kafungiwa na mawazo yake mwenyewe mpaka yameoza.

BARAKA: Dada Rehema, kwa mkulima masika ni chakula. Mvua ikichelewa watu wanasali. Ukimwambia mama yangu Hadithi ya Masika atadhani ni harusi! Halafu kuna kitu unakisahau, ndani ya mchezo yule mtoto Mamillius mwenyewe anaambiwa na mama yake atoe hadithi, anasema ya huzuni ndiyo inafaa winta, anaanza kumnong'oneza sikioni. Sasa sisi hadithi tulikuwa tunapewa wapi? Jikoni, usiku, kwenye moto, kwa sababu ya baridi. Masika mvua inapiga bati, unasikia hadithi gani?

REHEMA: Si mnasogeleana! Bibi yangu alikuwa anasimulia mvua inanyesha, tunamlalia kabisa mapajani ili tusikie. Ndiyo maana mtoto ananong'oneza.

BARAKA: Hiyo umeitunga sasa hivi.

REHEMA: Naapa. Na ngoja nikupe Mwalimu Nyerere. The Merchant of Venice alipoitafsiri, 1969, yupo ikulu ana nchi ya kuendesha, hakuandika Mfanyabiashara. Aliandika Mabepari wa Venisi. Mabepari! Alichukua neno lililokuwa linawaka midomoni mwa watu mwaka ule. Kwa hiyo ruhusa tunayo.

BARAKA: Lakini hakuihamisha Venisi kuipeleka Tanga. Hata Juliasi Kaizari, alipomtafsiri, alimwacha Roma. Mahali pabaki pale pale, mimi msimamo wangu ndio huo. Sicilia ni Sicilia, winta ni winta, msikilizaji ana akili, atafika.

REHEMA: Atafika amechoka.

BARAKA: Na unajua tamasha lenyewe lilianza na winta? 1953, tarehe 13 Julai, hakuna jumba wala nini, ni hema kubwa tu. Mji ule ulikuwa unaishi kwa kukarabati treni za mvuke, na mvuke unaondoka, mwandishi wa habari mmoja wa pale, Tom Patterson, akasema mji wetu unaitwa Stratford na mto wetu Avon, kama kwao Shakespeare kule Uingereza, basi tufanye Shakespeare. Usiku wa kwanza akasimama mwigizaji Alec Guinness, ndiye mfalme kwenye Richard wa Tatu ya Shakespeare, na maneno ya kwanza kabisa kutamkwa kwenye jukwaa lile ni kwamba winta ya dhiki yetu imegeuka sama tukufu. Ndani ya hema, mwezi wa saba!

REHEMA: Ehee, haya itafsiri hiyo. Imegeuka kiangazi kitukufu? Kiangazi chetu kisima kinakauka, ng'ombe mbavu nje, nani atashangilia?

BARAKA: ...Hapo pagumu.

REHEMA: Umeona!

BARAKA: Pagumu kwa kiangazi. Kwa baridi sijatoka.

REHEMA: Kaka, niseme kitu ambacho sijakuambia hata kwenye simu. Mwishoni pale Hermione anatokea kama sanamu. Jukwaa la jumba lile ni refu, limeingia katikati ya watu, tumelizunguka pande tatu, viti kama 600 tu, mimi nipo karibu sana. Nikawa namwangalia kifuani kama anapumua. Naangalia ukosi wa gauni, kuna uzi umechomoza, nikasema uzi ukitikisika nitajua. Hautikisiki. Mama mmoja pembeni yangu naye kaacha kupumua. Halafu muziki, na mkono, polepole, unamwelekea mumewe. Mkono tu. Baadaye mume anasema, lo, ana joto. Nikaanza kulia, kwa sababu miaka 16 mimi ndiyo niliyokaa nchi hii, nimemwacha mama nywele nyeusi. Halafu natoka nje ndiyo yeye anapiga.

BARAKA: Dada.

REHEMA: Nataka tu jina ambalo nikimwambia ataelewa kwa nini nililia.

BARAKA: Sasa si umejibu mwenyewe? Ana joto! Umesema mume ndiyo analosema. Joto linatoka kwenye nini? Kwenye baridi. Ukiiita Masika yule mama anatoka kwenye unyevunyevu, anakauka, ndiyo nini?

REHEMA: Mtu akitoka kwenye mvua ukimshika mkono ni wa baridi, Baraka! Wa baridi kama samaki!

BARAKA: Umesema mwenyewe wa baridi.

REHEMA: Kwa sababu ya masika!

BARAKA: Tuna dakika mbili, watu wanaosubiri chumba hiki wapo mlangoni. Tiketi hatujagusa. Chakula hatujagusa.

REHEMA: Chakula chukueni chapati zenu mkale pale mtoni. Tiketi wiki ijayo.

BARAKA: Na mama umemwambia inaitwaje sasa?

REHEMA: Bado. Naenda kumpigia. Nitamsimulia yote kwanza, halafu nimuulize yeye.

BARAKA: Umuulize na baridi. Usimpe masika peke yake.

REHEMA: Zima hiyo, wanagonga.