Sauti Inayochelewa

Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kuvumilia foleni ya Nairobi mpaka mkafika.

Nianzie kwenye saiba moja ya Moi Avenue, mwaka 2007. Kila Jumapili nilikuwa nikiingia humo kuongea na dada yangu aliyekuwa Dallas, kwa Skype. Nasema "Hujambo?" Kimya. Nadhani hakusikia, narudia. Papo hapo jibu lake la kwanza linafika na kugongana na swali langu la pili. Tuliishia kuongea kwa zamu, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize kabisa. Nililaumu kompyuta miezi mingi.

Kilichotukwaza ni umbali. Enzi hizo intaneti yetu ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ipande, ishuke, karibu robo ya sekunde imekwisha, na jibu nalo lina safari yake. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa. TEAMS inakwenda Fujairah, kama kilomita 5,000, na mwanga huvuka umbali huo ndani ya faiba kwa takriban milisekunde 25. Hapo tukaweza kukatizana maneno simuni kama tulivyozoea nyumbani, na kwangu ilikuwa furaha kubwa.

Nayasimulia haya kwa sababu matangazo ya simu yamejaa neno kasi, ilhali sauti hula kidogo mno. Simu ya kidijitali ya kawaida hutumia kilobiti 64 kwa sekunde. Programu za leo zaweza kuibana hadi 12, na bado utamtambua mwenzako kwa kikohozi chake. Sauti hukatwa vipande, kwa kawaida 50 kila sekunde, kila kimoja ndani ya bahasha yenye anwani. Ikibanwa hivyo, kipande kina baiti 30 na bahasha yake 40. Bahasha nzito kuliko barua! Kinachoiua simu ni kuchelewa. Ukurasa wa habari ukikawia nusu sekunde, nani atajali? Silabi ikikawia hivyo hutupwa, maana mazungumzo yameshapita.

Katika 4G kila kitu ni vipande vya data, hata simu ya kawaida. Ndiyo maana simu isiyo na VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha sauti ndani ya 4G yenyewe, hushuka hadi 3G au 2G unapopigiwa. Yenye VoLTE hubaki palepale, na mnara huvipa vipande vya sauti nafasi ya mbele. Simu ya WhatsApp haipati heshima hiyo. Saa kumi na mbili jioni pale Thika Road inasukumana na video za matatu nzima.

Kwa hiyo 5G, ambayo Safaricom iliizindua kibiashara 2022, mimi nitaipima kwa saa hiyo na mahali hapo. Kampuni hutuuzia data kwa megabaiti. Zitutangazie pia ucheleweshaji wa saa za msongamano, mtaa kwa mtaa.

Na tusikimbilie kuzima 2G. Mama mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, huongea kwa 2G, hutuma M-Pesa kwa 2G, na usiku akivamiwa hupiga 112 bila salio. WhatsApp haipigi 112.