Kijiko cha Walukuba

REHEMA: Haya, tuko hewani. Wapendwa, karibuni; leo ni somo la shira, maji ya sukari ya kutia kwenye vinywaji. Waiswa ameingia na chupa, ameitua mezani mbele yangu, na tangu aketi hajanisalimu. Kaka, kuna nini?

WAISWA: Hii ni shira yako, nyabo. Ile uliyonifundisha. Itazame vizuri.

REHEMA: Imefanya chenga.

WAISWA: Nusu ya chupa ni kokoto tupu. Naipindua, haishuki. Na Jumamosi tulikuwa na wageni Jinja, nyumbani kwa mama, Walukuba. Wakwe wa dada yangu wamekuja mara ya kwanza, watu kumi na moja. Nikasema mimi nitashughulikia vinywaji, mwalimu wangu ni Rehema.

REHEMA: Nieleze ulivyopika. Usiruke kitu.

WAISWA: Nilinunua sukari kilo moja, ile ya rangi ya kahawia. Maji nusu lita. Nikaweka kwenye sigiri, ikachemka.

REHEMA: Ikachemka kwa muda gani?

WAISWA: Dakika ishirini. Labda na tano.

REHEMA: Basi hapo tumeanza somo letu la leo bila kupenda. Wasikilizaji, tuliahidi mambo manne: vipimo, moto, ladha na kuhifadhi. Kaka ametuletea vipimo na moto kwenye chupa moja. Sikiliza. Maji ya kawaida, ya joto la chumbani, lita moja inaweza kumeza sukari karibu kilo mbili. Hapo ndipo mwisho. Wewe umeweka kilo kwenye nusu lita, yaani umefika ukingoni kabisa. Halafu dakika ishirini maji yanapaa hewani na sukari inabaki. Umevuka ukingo. Halafu ukaitia kwenye friji, na maji yakipoa hubeba sukari kidogo zaidi. Iliyozidi itakwenda wapi? Itajipanga chini.

WAISWA: Lakini uliniambia mbili kwa moja.

REHEMA: Nilisema vikombe. Vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji. Kikombe cha mililita 250 kikijaa maji ni gramu 250, kikijaa sukari ni gramu 200 na ushee tu, kwa sababu kati ya chembe na chembe kuna hewa. Kwa hiyo vikombe viwili vya sukari havifiki nusu kilo. Ukipima kwa kilo unapata kitu kizito kuliko nilichokuambia.

WAISWA: Sawa. Hilo nimelipokea. Lakini mama anasema kosa halikuwa kwenye kipimo.

REHEMA: Anasema lilikuwa wapi?

WAISWA: Kwangu. Kwamba nilimnyang'anya kijiko.

REHEMA: Kijiko gani?

WAISWA: Mama ana kijiko cha bati, mpini umepinda kidogo kushoto. Kimekaa kwenye kopo la sukari tangu sijazaliwa. Alikuwa akikoroga shira nacho, mimi nikamwambia mama, pumzika, nikachukua mwiko.

REHEMA: Alikuwa akikoroga tangu mwanzo hadi mwisho?

WAISWA: Mwanzo hadi nilipomnyang'anya. Na anakwangua ukingo wa sufuria, anarudisha ndani.

REHEMA: Kwa heshima zote za mama yetu, hapo napo pamechangia. Shira ikishakuwa safi, ikishaacha kuonyesha chembe, iache. Usikoroge. Chembe moja iliyokauka pembeni ikidondoka ndani ya shira nzito, wenzake wanaifuata, wanajipanga juu yake mmoja mmoja mpaka unapata hizo kokoto. Pembeni pa sufuria panguse kwa kitambaa chenye maji. Na ukipika shira nzito, kamulia limau kidogo wakati ipo motoni. Asidi na moto vinaivunja sukari kuwa mbili, glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo unakataa kuganda upesi.

WAISWA: Nitamwambia. Ila kijiko hakitoki kwenye kopo.

REHEMA: Kibaki kwenye kopo, kisiingie kwenye shira. Na wasikilizaji wengi hawahitaji shira nzito. Kikombe kwa kikombe kinatosha. Pasha maji, mimina sukari, koroga iyeyuke, zima. Haihitaji hata kuchemka. Vikombe viwili vikikutana vinakupa kama kimoja na nusu, usishangae, ile hewa ya kati ya chembe za sukari imetoka.

WAISWA: Sasa niseme kilichotokea mezani.

REHEMA: Kumbe si kuganda?

WAISWA: Kuganda ilikuwa jana. Jumamosi ilikuwa bado maji. Nilikamua pasheni, ndoo nzima ya obutunda kutoka soko la Jinja, nikachuja, nikaweka kwenye majagi bila sukari. Pembeni ya kila jagi nikaweka shira kwenye kibuyu kidogo cha kioo, kama ulivyosema: kila mtu ajitilie kiasi chake.

REHEMA: Vizuri sana.

WAISWA: Mkwe mkubwa, mzee wa miaka sabini na kitu, akamiminiwa. Akanywa funda moja. Akaiweka glasi chini taratibu, hakusema neno. Nikamwonyesha kibuyu. Akakitazama, akatabasamu, akakunja mikono. Mama akaona. Akainuka, akakusanya majagi yote matatu, akayarudisha jikoni, akamwaga shira yote ya vibuyu ndani, akaonja kwa kile kijiko, akarudi nayo. Mzee akanywa glasi tatu.

REHEMA: Na kijiko tena.

WAISWA: Na kijiko tena. Na mimi, Rehema, nimekaa wiki nzima nikifikiri, nakuambia mama alikuwa sahihi. Mgeni hapewi kazi. Unampa mgeni kinywaji ambacho hakijakamilika, unamwambia malizia mwenyewe?

REHEMA: Hapana, Waiswa. Unampa uhuru.

WAISWA: Unampa mtihani. Akitia nyingi ataonekana mlafi, akitia kidogo atakunywa chachu. Mbele ya wakwe! Mtu yule angeweza kutia shira mwenyewe mbele ya watu kumi na moja wakimtazama mkono?

REHEMA: Na asiyetaka sukari? Kwenye meza nzima hakuwepo hata mmoja?

WAISWA: Alikuwepo. Mjomba wangu. Ana sukari, yaani ugonjwa. Majagi yaliporudi hakunywa.

REHEMA: Umeona!

WAISWA: Alikunywa maji.

REHEMA: Baba yangu, Mungu amrehemu, alikaa na kisukari miaka kumi na minane pale Mombasa. Kila nyumba aliyoingia, chai tayari ina sukari, sharubati tayari ina sukari. Akisema sinywi, wanasema kidogo tu, mzee, usitutie aibu. Akawa anakunywa kwa adabu, usiku anaumwa. Mwishowe akaacha kutembea kwa watu. Mtu aliyependa baraza kuliko kitu chochote! Kwa hiyo mimi nikiweka shira kando, simpi mgeni kazi. Namwachia mlango wazi.

WAISWA: Pole, dada. Hilo nimelisikia, na sikulijua. Lakini ngoja nikueleze kijiko, ndipo utaelewa kwa nini mama aliinuka.

REHEMA: Tuna ladha na kuhifadhi, kaka. Saa inakwenda.

WAISWA: Nitafupisha. Mama alikuwa na miaka kumi na minne, Agosti 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Kutoka Walukuba, Kakira iko hapo mashariki, mashamba ya miwa huwezi kuyamaliza kwa macho. Huku barabara ya Kampala kuna Lugazi, kiwanda kilichoanza 1924. Yaani Jinja imezungukwa na miwa. Na baada ya hapo sukari ikapotea Jinja! Viwanda vilikuwa vya Waasia, vikalegea, vipuri hakuna, mafundi wameondoka. Mtoto anaona miwa dirishani, chai anakunywa chungu.

REHEMA: Ndipo likaja neno magendo.

WAISWA: Magendo, na mafuta mingi. Wale waliogawiwa maduka ya Waasia tuliwaita mafuta mingi. Maneno yote mawili ya Kiswahili, yametoka kwenu, na hapa hata mtu asiyejua Kiswahili anayajua. Sukari ilikuja kwa magendo, kwenye karatasi, umebeba kama dawa. Bibi yangu akaweka sheria: mtu wa nyumbani, kijiko kimoja cha kusawazishwa. Anapitisha kidole juu, hivi, zinazozidi zinarudi koponi. Mgeni, kijiko cha mlima, na kidole hakipiti. Na anakitia bibi mwenyewe, jikoni, mgeni asione kopo lina kiasi gani. Kijiko ndicho kile. Mpini ulipinda kwa kukwangua kopo tupu.

REHEMA: Aisee.

WAISWA: Sasa mama, baada ya yote hayo, anamwona mkwe wake amewekewa kibuyu aangalie sukari na kujipimia. Kwake hiyo ni nyumba inayomwonyesha mgeni kopo. Hawezi.

REHEMA: Namwelewa mama. Kwa moyo wote namwelewa. Lakini uhaba ule umepita, Waiswa. Leo sukari iko kila duka, kwenye kaveera, ile mifuko ya plastiki, na ugonjwa uko kila ukoo. Heshima ya bibi ilikuwa ya wakati ambao mgeni alikosa sukari. Wa leo amezidiwa nayo.

WAISWA: Heshima haina wakati.

REHEMA: Ina umbo. Umbo linabadilika.

WAISWA: Basi tufanye hivi: mjomba amiminiwe kwanza, kabla jagi halijatiwa shira.

REHEMA: Na glasi yake uibebe peke yake, kila mtu ajue mgonjwa ni yupi? Baba yangu asingeigusa.

WAISWA: Jikoni, nani ataona?

REHEMA: Mtu anayepewa glasi yake peke yake huonekana. Weka kando, wote wajitilie, asijulikane nani katia na nani hajatia. Hiyo ndiyo siri ninayoitaka.

WAISWA: Na mkwe akunje mikono, arudi kwao na chachu mdomoni. Siwezi, nyabo.

REHEMA: Na mimi siwezi lile jagi lako.

WAISWA: Tutakaa hapa mpaka kesho.

REHEMA: Kuna dakika chache tu. Niseme ladha haraka, watu wameomba. Tangawizi: usiitie kwenye shira iliyokwisha. Ikate vipande vyembamba, ichemshe kwenye maji matupu dakika kumi, chuja, pima maji upya kwa sababu yamepungua, ndipo sukari. Maji matupu yanavuta ukali kuliko shira nzito.

WAISWA: Na sukari guru? Kwetu Busoga ndiyo yenyewe.

REHEMA: Nzuri sana kwa tangawizi na kwa ukwaju. Ichuje kwa kitambaa, huwa ina takataka za miwa. Kwenye pasheni usiitie, inafunika tunda.

WAISWA: Hapo nakubaliana nawe.

REHEMA: Mchaichai ni kinyume cha tangawizi. Uponde kwa mpini wa mwiko, utie shira ikishatoka motoni, funika nusu saa. Ukichemka sana unaleta ladha ya majani makavu. Iliki ipasue, tia na maganda yake. Na vanila, Waiswa, wewe unapita Mukono kila wiki.

WAISWA: Wanauza, lakini bei!

REHEMA: Bei ina sababu. Ua la vanila linafunguka asubuhi moja tu, na mkulima wa Mukono au Bundibugyo lazima alichavushe kwa mkono, ua kwa ua, siku hiyohiyo. Halafu miezi karibu tisa hadi ganda likomae, halafu kulikausha. Kwa hiyo ganda moja usilitupe. Lipasue kwa urefu, kwangua zile mbegu nyeusi ndani ya shira, na ganda lenyewe litumbukize likae usiku. Asubuhi litoe, lisuuze, likauke, lizike kwenye kopo la sukari. Litanukiza kopo zima wiki kadhaa.

WAISWA: Kwenye kopo la mama?

REHEMA: Muombe ruhusa.

WAISWA: Pale kuna kijiko.

REHEMA: Vitakaa pamoja, Waiswa! Hiyo mara ya ngapi leo?

WAISWA: Sikuhesabu. Fundi anatuonyesha dakika mbili.

REHEMA: Kuhifadhi basi hatutakuwahi. Na lile la kuchagua chupa, na la mnanaa, nalo limekwenda. Wapendwa, tusameheni, nilikuwa nimeandika ukurasa mzima.

WAISWA: Kabla hatujazima, na hizi kokoto zangu nifanye nini? Nizitupe?

REHEMA: Usitupe! Weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto, ongeza robo kikombe cha maji ndani ya chupa, iache mpaka zote ziyeyuke. Ukiona hata chembe moja imebaki, endelea.

WAISWA: Nitaipeleka Walukuba Jumapili. Mjomba naye atakuwepo.

REHEMA: Utaiweka wapi, kando au ndani?

WAISWA: Ndani.

REHEMA: Waiswa.

WAISWA: Ndani, dada. Fundi, zima.