Kabla ya Hati, Uliza Moshi Ule ni wa Nani

Assalam aleikum ndugu zangu. Hamjambo Bombo, hamjambo Arua, hamjambo Lugazi. Hapa Waltham, Marekani, ni saa tatu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku kwa wazee ninaowahudumia, hata viatu sijavua. Nimewasha kamera kabla ya kulala kwa sababu wiki hii watu watatu wameniuliza jambo moja: "Kaka, nimepata poloti Matugga, karibu na Kampala, hati ya ardhi ipo, nitume pesa?"

Usitume. Subiri kwanza.

Hati inakutajia jina la mwenye ardhi. Anayelala juu ya ardhi hiyo hatajwi humo. Mimi nililijua hilo baada ya kutoa akiba ya miaka minne ya kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni. Nilinunua nusu ekari, yaani desimali 50 (desimali 100 ni ekari moja), ardhi ya mailo, aina ya umiliki wa kudumu wa huko Buganda. Loya akapekua ofisi ya ardhi: hati safi, haina kaveati, yaani zuio la mtu mwingine, haina deni la benki. Binamu yangu akanitumia video ya poloti, majani mabichi, udongo mwekundu mzuri. Pembeni mwa video ile kulikuwa na moshi. Broka, yaani dalali, akasema ni kijana wa kulinda shamba anachemsha chai. Nikaamini, nikatuma.

Nilipokuja likizo nikamkuta jaja, bibi mzee. Ana nyumba ya udongo, migomba, mibuni, na makaburi mawili nyuma ya jiko. Akaniletea kiti nikae. Halafu akatoa mfuko wa risiti za busuulu, kodi ndogo ya mwaka anayolipwa mwenye hati, za zamani kabisa zina jina la marehemu mumewe. Jamani, miguu iliniisha nguvu.

Yule jaja ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, na tangu hapo mwenye hati ni mmoja, anayelima ni mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekaa na kuitumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Marekebisho ya 2010 yanasema haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu tu. Na mwenye hati akitaka kuuza, mwenye kibanja ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza kama atanunua. Jaja hakuulizwa. Alisikia habari za mauzo siku niliyofika mimi.

Broka akanishauri nimpe vijisenti ahame. Nilikataa, na ningekataa tena leo. Mtu hahamishwi kwenye kaburi la mumewe kwa bahasha. Tulikaa chini na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, jaja na wanawe, mara nyingi sana, karibu miaka miwili ikapita. Mwisho tukagawana: yeye desimali 20 na hati kwa jina lake, mimi 30. Mpimaji na loya nikalipa mimi.

Kwa hiyo mtume mtu ambaye si broka wala si ndugu anayetarajia chochote. Aende alfajiri, watu wakiwa wanapika. Aongee na majirani wa pande zote nne, kisha LC1, kisha mpimaji aliyesajiliwa afungue mipaka, yaani aipime upya na kuionyesha. Kama muuzaji anaishi pale na mwenzi wake, mwenzi akubali kwa maandishi. Na kama miguu inazama, ondokeni! Mliona nyumba zilizovunjwa kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024.

Wengine wetu tumeshachukua pasipoti za huku. Ombeni uraia pacha mapema, kwa maana asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala frihodi (umiliki mwingine wa kudumu), anapata lisi tu, yaani ukodishaji wa muda, isiyozidi miaka 99. Wekeni pia asilimia 1.5 ya thamani ya ardhi kwa ushuru wa stempu wakati wa kuhamisha hati, wengi huisahau.

Kwenye zile desimali 30 nimejenga mizigo minne, yaani vyumba vya kupangisha, kila mmoja na mita yake ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, ili wapangaji wasigombane. Pango ni shilingi 200,000 kwa mwezi kila chumba, yaani 9,600,000 kwa mwaka kwa vyote vinne. URA, mamlaka ya kodi, hawatozi 2,820,000 za kwanza, kinachobaki wanakata asilimia 12, bila kujali umetumia nini kwenye ukarabati. Kwangu kodi hiyo ni 813,600, zaidi ya pango la mwezi mzima la vyumba vyote vinne. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kununua tofali la kwanza.

Mwaka jana mpangaji mmoja alipoteza kazi, akachelewa miezi miwili. Binamu akataka kumwekea kufuli. Nikampigia simu usiku uleule nikamwambia aiache. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inakataza kumtoa mtu bila amri ya mahakama, na pango halipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Likifika 500,000, mkataba uandikwe. Yule kijana tulimgawia deni kidogo kidogo, akalimaliza, bado yupo. Jaja ndiye aliyeniambia ni mtu wa kuaminika, anawaona kila siku kutoka kwenye migomba yake.

Ninyi watatu mlioniandikia, nitumieni video ya poloti. Ipigwe alfajiri, kamera izunguke pande zote, polepole. Nikiona moshi nitawauliza ni wa nani, na nataka jina.